Barafu Yenye Sura Mbaya

Zorigto alitaka ule uwanja wa ndege wa zamani,
wa shamba la ushirika lililokufa kabla hatujazaliwa.
Nikautembea wote kwa miguu, mwanzo hadi mwisho,
nikihesabu maungio ya zege kwa sauti.
Kila hatua saba, mwanya. Kila mwanya, majani makavu,
na kidole changu kikazama hadi pingili ya pili.
"Kwa gari la maziwa panafaa," nikamwambia.
"Kwa mwendo wako wewe, kila mwanya ni nyundo."
Ng'ombe alikuwa amelala katikati, anacheua,
ametulia kama mwenye hati.

Nyikani nako, udongo mkavu, sawa kama meza,
ila kuchakulo wameutoboa chini kwa chini;
nilikanyaga mahali pagumu, nikaingia hadi goti.
Zorigto alicheka. Ayur fundi, mshika saa, akacheka pia,
mpaka alipokanyaga yeye.

Likabaki ziwa.

Mwezi wa tatu, Baikali huwa ni nchi kavu ya mkopo:
unapita juu yake, na siku ya kudaiwa unaijua.
Baba aliyajua madeni hayo. Kila majira ya baridi
aliyapimia malori njia kwa keekee hii hii,
akichomeka matawi ya msonobari kwenye theluji
ili dereva ajue pa kupita.
Lori moja halikufika ng'ambo. Moja tu.
Hakuwahi kututajia rangi yake.

Chini ya rasi kulikuwa na barafu ya kuposwa:
nyeusi, angavu, mapovu yamepangana ndani yake
kama sarafu zilizosimamishwa zikianguka.
Wapiga picha walikwisha kusimika vyombo vyao.
Nikatoboa: sentimita tisini na nne.
Zorigto akanibusu kofia.
Nikasogea hatua arobaini, nikatoboa tena.
Hamsini na moja.
Nikapiga magoti, nikaona povu linapanda,
dogo, taratibu, kutoka kwenye tope la chini:
ziwa linapumua, na pumzi yake inaila barafu kwa ndani.

"Hamsini inabeba gari," akasema.
Inabeba. Sikumbishia.
Ila sipendi kitu kinachonipa
majibu mawili kwa swali moja.

Nikampeleka upande wa pili, kwenye weupe uliochakaa,
barafu yenye sura mbaya, imekwanguliwa na upepo,
mabaka-mabaka kama ukuta wa jiko la kuni.
Themanini na nane. Themanini na tisa. Themanini na nane.
Misumari ya tairi ikauma, haikuteleza.
Watu huuliza utakimbilia wapi;
mimi huuliza utasimamia wapi.
Nikapima kilomita mbili tupu baada ya mstari wa mwisho,
kabla ya ukingo wa mabonge yaliyovunjika,
na njia ya Khandama, muuguzi, na gari lake
ambalo asubuhi za hivyo huwaka kwa kubembelezwa.

Alikimbia. Mia mbili thelathini na moja.
Mtikisiko ulimlegeza jino, ukaiangusha taa ya nyuma,
naye alikuwa amejiapiza mia mbili na hamsini.

Wala ile barafu nzuri haikupasuka.
Ilikaa nzima, ikimeremeta, hadi mwezi wa tano,
siku nyingi baada ya ile yangu kugeuka uji.
Zorigto hunikumbusha kila tunapokunywa chai:
"Soyolma, kule ningeweka rekodi."
Huenda. Daftari langu halina jibu la hilo,
lina namba za matundu tu.
Namwachia aseme.
Anayenilaumu ana mdomo,
na mdomo una chai, na chai ina moto.